Tulipowapisha Wapangaji

Wiki iliyopita nilikwenda kuangalia chumba Mugumu, mtaa wa nyuma ya soko, nikakutana na harufu ya rangi ya mafuta juu ya ukuta wa zamani. Si harufu ya nyumba mpya hiyo. Nyumba mpya inanuka saruji na mbao. Hii ni harufu ya nyumba ya watu iliyopakwa haraka haraka ili ianze kuitwa ya kupanga, rangi imelazwa juu ya moshi wa miaka mingi, na ule moshi bado upo tu. Dalali ananiambia, "Dada, chumba kipya kabisa hiki." Nikamwambia, "Kipya wapi, wewe? Humu walikuwa wanalala watoto." Maana chini kabisa, karibu na sakafu, mistari ya mkaa aliyochora mtoto fulani ilikuwa inaonekana kupitia rangi. Dalali akacheka. Nilitoka bila hata kuaga, nimekasirika, na mpaka nafika stendi sikuwa najua nimemkasirikia nani.

Nilikuja kujua nikiwa ndani ya gari. Nimemkasirikia baba yangu, mzee wa watu ambaye siku hizi anatafuta miwani huku ameivaa. Miaka yote hii nilidhani yameshaisha. Kumbe wapi! Harufu tu ya rangi, na hasira yote iko palepale, mbichi.

Kwetu ni Kewanja, kando ya mgodi mkubwa wa dhahabu. Ninyi wa umri wangu mliokulia pande zile mnajua vile baruti za mgodini zilivyokuwa zikilipuliwa mchana, vikombe vinagongana kabatini, kuku wanatulia kidogo halafu wanaendelea kuchakura. Baba yangu Marwa alikuwa fundi seremala, na nyumba yetu aliijenga kwa ujana wake wote: matofali ya kuchoma, mabati, vyumba vinne na sebule. Nyuma yake ilikuwa nyumba ya Bibi, mama yake baba, ya duara, ya udongo na nyasi. Kando ya nyumba ya Bibi lilikuwa kaburi la Babu, limezungushiwa mawe. Boma letu ndilo hilo, lote unaweza kulizunguka ukiwa unatafuna kipande cha muhogo na usikimalize.

Mimi nililala kwa Bibi. Wajukuu kwetu hulala kwa bibi zao, wala si jambo la kuuliza. Nyumba yake ilinuka ugoro, moshi, na maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu, na mbuzi mmoja jike aliyekuwa anafungwa ndani karibu na mlango akisubiri kuzaa. Aliniita mke mwenzake, akinitania kwamba nimemnyang'anya Babu hata kaburini. "Lala huko, mke mwenzangu, usinipige mateke, mume mwenyewe ameshatukimbia wote wawili." Nilicheka kila mara, ijapokuwa utani ulikuwa uleule.

Halafu wafanyakazi wa mgodini wakawa wengi kuliko vyumba. Madereva, mafundi, wapishi, wauguzi, walimu, wote wanazunguka na dalali wakiuliza chumba. Jirani wa mkono wa kulia akapangisha sebule yake. Wa mkono wa kushoto akapangisha mpaka stoo ya mahindi. Baba akashikwa na ugonjwa huo. Alianza kuiangalia nyumba yetu kwa jicho ambalo sikulipenda. Anasimama uani, mikono nyuma, anaangalia dirisha la chumba cha wadogo zangu, halafu anatingisha kichwa. Jioni moja tukiwa tunakula akasema, "Vyumba vinne vimelala watu wasioingiza hata senti tano. Huo ni upotevu." Watu wasioingiza hata senti tano ndio sisi, wanawe, na ugali uko mdomoni.

Mpango wake ulikuwa huu. Kila chumba kitobolewe ukuta, kiwekewe mlango wake wa kutokea nje, na milango ya ndani izibwe kwa matofali. Sebule igawanywe itoe vyumba viwili. Wapangaji wa mgodini wanataka choo cha kuvuta, basi shimo lichimbwe, na mahali pa shimo hapakuwepo pengine ila pale iliposimama nyumba ya Bibi. Nyumba ya Bibi ivunjwe. Sisi tuhamie banda jipya litakalojengwa nyuma kabisa, la vyumba viwili chini ya paa moja: kimoja cha Baba, Mama na wadogo zangu, kingine cha Bibi na mimi.

Mama alikuwa anakusanya sahani. Akaziweka chini.

"Baba Ghati, paa moja na mama?"

"Si kuna ukuta."

"Ukuta unafika juu?"

"Utafika. Saruji ikibaki."

"Na isipobaki?"

"Mama Ghati, hayo mambo ya zamani. Mwanza watu wanaishi ghorofa moja na wakwe zao na hakuna aliyekufa."

Hapa lazima nieleze, maana nimeshaulizwa na marafiki wa mbali wakidhani Bibi alikuwa anadeka. Kwetu Wakurya, mama hawezi kulala chini ya paa ambalo mwanawe aliyeoa analala na mkewe. Si ugomvi wala chuki. Ni heshima. Bibi alikuwa akija nyumba kubwa kumtembelea mwanawe, anaishia sebuleni, na hata sebuleni anakaa karibu na mlango. Chumba alicholala Baba na Mama hakuwahi kukiona ndani, na hakutaka. Baba aliyajua yote hayo tangu akiwa na jando lake bichi. Lakini mtu akishaanza kupiga hesabu za mabati kichwani, utamwambia nini tena? Mama alisema mara ile moja, akanyamaza. Mkamwana akizidisha maneno kuhusu mama mkwe, yeye ndiye anayeonekana hana adabu. Mpaka leo jambo hilo linaniudhi: aliyekuwa na haki ndiye aliyefungwa mdomo.

Mimi mtoto nilipouliza kwa nini tunahama, Baba alinijibu akiwa na haraka ya kwenda kwa mwenye duka la vifaa: "Tunawapisha wageni, Ghati."

Basi nikatulia. Wageni nilikuwa nawajua. Mgeni akija, watoto mnaondoka kitandani, mnatandika chini, mgeni anapewa godoro zuri na paja la kuku, anakula, anasimulia habari za kwao, halafu anasindikizwa mpaka barabarani, na ninyi mnarudi kitandani kwenu. Nilihesabu kwamba itakuwa hivyo hivyo, ila wageni ni wengi kidogo.

Nyumba ya Bibi ilivunjwa asubuhi na vijana wa kukodi. Walifunga kamba kwenye nguzo ya katikati, wakavuta, nyasi zikashuka zote pamoja na vumbi jeusi, panya wakatoka mbio, wadogo zangu wakashangilia. Bibi alikuwa amekaa kwenye mawe ya kaburi la Babu, kigoda chake kiko pembeni, kibuyu mapajani. Nilimwona anachota ugoro, anauweka puani, anapiga chafya, anafuta macho. Nilidhani ni chafya inayomtoa machozi.

Banda likajengwa upesi. Saruji haikubaki. Ukuta wa kati ulisimama chini ya mabati, na juu yake palibaki uwazi ambao paka angeweza kupita bila kuinama.

Wapangaji waliingia siku moja wote, na magodoro yao kwenye matoroli, na maredio, na ndoo. Chumba namba moja alikuja dereva wa mgodini, Msukuma mmoja mcheshi anaitwa Masanja, na huyo ndiye ninayemkumbuka vizuri kwa sababu nilimhudumia sana. Nilimpelekea maji ya kunawa. Nilimpelekea kigoda. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba, karibu sana, jisikie nyumbani," kama Mama alivyokuwa anasema kwa wageni. Akanipa biskuti. Mlango wa chumba chake, Baba alikuwa ameuandika namba kwa rangi nyeupe. Milango yote aliiandika namba. Nyumba yetu ikawa na namba ndani yake, mambo hayo!

Jioni, jua likiwa bado lipo, Bibi akaongozwa kwenye chumba chake kipya. Baba mwenyewe alitangulia kumwonyesha, anafurahi kweli, anabonyeza godoro kwa mkono. Bibi akasimama mlangoni, akaangalia juu. Upande wa pili wa ukuta mdogo wangu alikuwa analia, na Mama anambembeleza, na kila neno la Mama lilikuwa linaingia kwetu juu ya ukuta.

"Mura," Bibi akamwambia Baba, kama kwetu anavyoitwa kijana wa kiume, "mimi umenijengea wapi?"

"Si ndiyo hapa, mama. Godoro jipya hilo."

"Na wewe unalala wapi?"

"Hapo upande wa pili."

Bibi akageuka akatoka. Alikwenda akakaa uani juu ya kigoda, akaupa mgongo mlango. Baba akamfuata, akamweleza habari ya saruji, akamweleza habari ya Mwanza. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanza sijawahi kufika." Mama alikuwa amesimama pembeni anaangalia chini, vidole vinapindapinda kanga. Alikuwa na aibu kubwa, nami nikadhani amekasirishwa na Bibi kukataa godoro zuri namna ile.

Siku hiyo Bibi alikwenda kulala kwa jirani mjane, na mimi nikamfuata na mkeka wangu. Baba akasema atazoea. Hakuzoea. Asubuhi anarudi, anashinda kwenye mawe ya Babu, anachambua mboga, anakula chakula chetu, jioni anachukua kibuyu chake anakwenda kwa watu. Baba akasema ataongeza tofali ukuta ufike juu. Bibi akasema ukuta hata ukifika mbinguni, paa ni moja. Baba akasema basi atajenga nyumba nyingine, ila pesa imeshaingia shimo la choo na mabati, na wapangaji walishalipa kodi ya mwaka mzima, hawawezi kutolewa. Mama akavunja ukimya wake, akamwambia tena mbele yangu:

"Basi sisi tukapange chumba kwa watu, mama alale hapa."

"Nipange? Mimi? Na nina nyumba?"

"Nyumba gani unayo, Baba Ghati? Nionyeshe mlango mmoja ambao unaweza kuingia bila kupiga hodi."

Baba akachukua randa yake akaenda kwenye karakana. Tulisikia mbao zinarandwa mpaka chakula kikapoa.

Watu walianza kusema. Vijijini watu hawakosi la kusema. Kisimani, dukani, baada ya ibada. Kwamba Marwa amempangisha mama yake kwa jirani. Maneno yakatembea mpaka Issenye, ambako kaka yake Bibi alikuwa amehamia na mifugo yake zamani. Huyo tulimwita Babu Mwita. Alikuja na pikipiki, amevaa koti zito kwenye jua kali, hakutaka hata maji ya kunywa.

"Mjomba, karibu ndani," Baba akamwambia.

"Ndani wapi?" Babu Mwita akauliza, anaangalia ile milango yenye namba. "Dada yangu analala kwa jirani kama mtu aliyefukuzwa. Nimekuja kumchukua."

Sasa nyie fikirieni. Mwanamke mwenye meno ya kuhesabika, aliyeolewa akiwa binti, aliyezika mume katika boma lile, anapakiwa kwenye pikipiki kurudishwa kwao, vilevile kama binti aliyeshindwa ndoa. Mama alilia waziwazi. Alimshika Bibi mkono, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akamwambia, "Mama, ukiugulia huko je? Ukifia huko je?" Bibi akajibu, "Basi mtanileta nikiwa maiti. Maiti haina aibu, italala popote." Kisha akanigeukia mimi. "Mke mwenzangu, mwangalie mume wetu pale kwenye mawe. Nyasi zisimfunike." Pikipiki ikaondoka. Alikaa upande, amekumbatia kibuyu, hakugeuka nyuma.

Mimi sikulia. Nilikuwa na akili zangu. Bibi ameondoka kwa sababu nyumba imejaa wageni, kwa hiyo wageni wakiondoka, Bibi atarudi. Kazi ni kuwaondoa. Mtu akinisimulia leo kwamba watoto ni malaika nitamcheka, maana nilianza kazi hiyo kwa moyo wote. Kila asubuhi Masanja akitoka kwenda kazini nilikuwa mlangoni.

"Shikamoo mjomba. Unaondoka?"

"Marahaba mama. Naenda kazini."

"Nikusindikize mpaka barabarani? Nikubebee na begi?"

"Begi la nini? Narudi jioni."

Anarudi kweli. Nikaona huyu hajaelewa. Nikamuuliza kama kwao hawamngoji. Nikamwambia kwetu mgeni akikaa sana kuku huisha. Nikaacha kumpelekea maji. Mwisho nikamuuliza hivi hivi, "Mjomba, wewe unaondoka lini ili bibi yangu arudi?" Masanja aliacha kucheka. Akachuchumaa, akaniambia taratibu kwamba yeye si mgeni, kwamba amelipa, na kwamba hata yeye akiondoka siku hiyohiyo ataingia mwingine. "Baba yako hajakwambia? Hii siyo nyumba yenu tena ya kulala, mama. Hii ni kazi." Siku hiyo ndiyo nililia. Nilijificha nyuma ya lile shimo la choo nikalia kwa hasira, nikamchukia Baba, nikamchukia na Masanja kwa kusema kweli.

Nikamngoja Baba ajenge. Alikuwa ameahidi: wapangaji wakilipa tena, ya kwanza ni nyumba ya mama. Wakalipa. Fundi akaja, kamba zikapigwa, nikaruka ruka nikijua ni nyumba ya Bibi. Ilikuwa fremu ya duka, mbele, imeangalia barabara. "Hii itarudisha pesa haraka," Baba alimweleza Mama, "halafu mama namjengea ya matofali kabisa, siyo tena ya udongo." Mama alikuwa anasonga ugali. Hakugeuza kichwa. Aliupiga ule mwiko kwenye sufuria mpaka mdogo wangu akaanza kulia, na toka siku ile alimwekea Baba chakula mezani bila kumwambia karibu. Kwa nini hakupiga kelele? Nimemuuliza nikiwa mtu mzima. Akasema, "Nilikuwa nimeshasema." Jibu gani hilo! Lakini ndilo alilonalo.

Baba alikwenda Issenye kumwona mama yake, si mara moja. Alikuwa akirudi na maziwa aliyopewa na sura iliyonyauka. Siku moja nilimsikia akimwambia Mama kwamba Bibi anakohoa, amepungua, na kwamba amemwambia neno moja tu: atarudi nyumba ikiwepo. "Na ipo?" Mama akauliza. Baba akasema fremu haijapata mtu. Nawaambia, ningekuwa na nguvu ningembomolea hiyo fremu kwa mikono.

Kisha chumba namba nne kikawa wazi. Aliyekuwamo, muuguzi mmoja, alihamishwa. Baba akapaka rangi tena, akamwambia dalali, na ilikuwa asubuhi ya kungoja watu wa kuja kuangalia ndipo likasimama barabarani Fuso la wafanyabiashara wa ng'ombe. Akashuka Babu Mwita na koti lake. Akashushwa Bibi, mdogo, amekonda, kibuyu mkononi. Halafu wakamshusha mtamba, mweusi mwenye baka jeupe kifuani, ambaye alitaka kurudi garini.

Nilikimbia nikamkumbatia kiuno. Aliniambia ningoje kidogo, ana shughuli. Alikwenda moja kwa moja mpaka pale Baba aliposimama na brashi ya rangi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nasikia una chumba."

Baba akacheka, akidhani ni utani wake ule. "Mama, karibu nyumbani bwana. Pumzika kwanza."

"Sikuja kwako, Marwa. Nimekuja kupanga. Chumba kina mlango wake?"

"Kina mlango wake wa nje."

"Na hapo pembeni wanalala akina nani?"

"Dereva na walimu. Wapangaji tu."

"Wanangu?"

"Hapana."

"Basi hao siwaonei haya. Nitalala."

Nilimwona Baba anaelewa kidogo kidogo. Ile nyumba kubwa, yeye na Mama walikuwa hawalali tena ndani yake. Paa lile lilikuwa la watu wa nje. Mama yake angeweza kulala pale na wageni wa Shinyanga na Kagera, asiweze kulala na yeye. Brashi ikawa inadondosha rangi kwenye kiatu chake.

"Chukua chumba, mama. Chukua hata viwili. Hulipi."

"Nisipolipa ni kwako, na kwako silali. Nikilipa ni kwangu." Akachukua kamba ya ng'ombe mkononi kwa kaka yake. "Huyu ni kodi ya mpaka nitakapokufa. Nikiishi sana umepata hasara. Nikifa mapema umepata faida. Mjomba wako yupo hapa anasikia."

"Mama, usinifanyie hivi mbele za watu."

"Watu gani? Hawa si ndio uliowaleta?"

Maana wapangaji walikuwa wameshatoka milangoni, Masanja na shati mkononi, na walimu, na dalali na wateja wake wawili. Hakuna aliyekwenda kazini. Baba akamwangalia Babu Mwita amsaidie. Babu Mwita akatazama upande wa mgodini. Baba akamwangalia Mama. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa banda, mtoto mgongoni, na macho yake hayakumpa kitu. Angekataa, Fuso lilikuwa bado linaunguruma pale, na Bibi angepanda tena akafie Issenye. Baba aliweka brashi chini. Akafuta mikono kwenye suruali, yote miwili, akaipokea kamba kwa mikono miwili kama mtu anavyopokea kitu kwa mama yake.

"Ahsante mama," akasema.

"Haya, mwenye nyumba," Bibi akasema, "kitasa changu kikwame au kisikwame, wewe ndiye wa kuja kutengeneza."

Nilihamia namba nne jioni hiyo. Bibi alilala usingizi mzito, anakoroma, na mimi nikampiga mateke na hakusema kitu. Alikaa pale msimu mzima wa mahindi. Alimwita Masanja mume wake mdogo, akamfundisha kunywa maziwa ya kibuyu, akagombana na walimu kuhusu redio. Baba alikuwa anapita kila asubuhi kumwamkia, anapiga hodi kwenye ubao alioupaka rangi mwenyewe, anangoja aambiwe karibu. Hakuwahi kuingia ndani. Nyumba yake aliyoitafuta ujana wote, anasimama nje akiongea kupitia mlangoni! Nilikuwa mdogo lakini nilishindwa kumwonea huruma. Bado ninashindwa kidogo.

Bibi alifariki mchana, kimya, nikiwa shule. Mtamba alikuwa na mimba.

Wazee wakaja kutoka pande zote, na Babu Mwita akaja, na uani pakajaa. Vijana wakaja na majembe. Ndipo mzee mmoja wa ukoo, aliyekuwa akisimamia mazishi, akauliza jambo ambalo kwao lilikuwa dogo: mlango wa nyumba ya marehemu ni upi? Kwa sababu kaburi la mama wa boma, alisema, hupimwa kutoka mlangoni kwake. Wote wakamgeukia Baba.

Baba akaonyesha namba nne.

Yule mzee akakiangalia kile chumba, akaangalia na namba moja, na mbili, na tatu, na makufuli yake. "Marwa," akasema, "tunauliza nyumba ya mama yako. Hatujauliza vyumba vya biashara."

Nilimwona Baba akitafuta. Akaangalia pale palipokuwa na nyumba ya udongo, ambapo sasa palikuwa na mfuniko wa zege wa shimo la choo. Akaangalia banda. Akaangalia fremu yake barabarani. Alikuwa mwenye nyumba wa milango mingi kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale, na hakupata mmoja wa kuwaonyesha. Vijana wameshika majembe, wanangoja. Jua linapanda.

Mama akainuka kutoka walikokaa wanawake. Mkamwana hasemi kwenye kikao cha wazee cha mazishi, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alitembea katikati yao, akaenda akasimama mbele ya namba nne, akaweka kiganja chake kwenye mlango.

"Ni hapa," akasema. "Alipalipia mwenyewe. Pimeni."

Hakuna mzee aliyemkatalia. Kijana wa kwanza akasogea na kamba ya kupimia, akampa Baba ncha yake ashikilie mlangoni, na Baba akashika.